Barua ya Noeli ya Askofu Mkuu Kataliko: Tuisome Tena Hapa Bunia

Wafratri wetu hutuuliza mara kwa mara: «Padri akisema juu ya kodi, mashamba na mishahara, je, bado anahubiri Evanjili, ao ameingia siasa?» Kujibu haraka haraka hakufai. Afadhali tushike andiko moja la mchungaji wa upande huu wetu wa mashariki, tulisome polepole, tulipime: nguvu yake ni nini, upungufu wake ni nini, nalo latuomba nini sisi watu wa Ituri. Andiko hilo ni barua ya Noeli ya mwaka 1999 ya Mgr Emmanuel Kataliko, Askofu Mkuu wa Bukavu.

Wengi wanaitaja barua hiyo, lakini walioisoma ni wachache. Wanajua kwamba mwandishi wake alifukuzwa katika jimbo lake juu yake, basi wanaiheshimu kama vile mtu anavyoheshimu kaburi, yaani bila kulifungua. Heshima ya namna hiyo haimsaidii mtu. Barua iliandikwa ili isomwe.

I. Mwandishi na wakati wake

Mgr Kataliko hakuwa mgeni kwetu. Tangu mwaka 1966 alikuwa Askofu wa Butembo-Beni, jirani zetu wa kusini, akakaa pale miaka zaidi ya 30. Mwaka 1997 alitumwa Bukavu. Aliyemtangulia katika kiti kile, Mgr Christophe Munzihirwa wa Shirika la Yezu, alikuwa ameuawa mjini tarehe 29 Oktoba 1996. Kwa hiyo Mgr Kataliko alipokubali kwenda, alijua vizuri anakalia kiti gani.

Mwezi wa Agosti 1998 vita ya pili ilianza. Bukavu ilishikwa na waasi wa RCD pamoja na jeshi la Rwanda. Huku kwetu Bunia, jeshi lililokuwa na amri ni la Uganda. Katika mwezi uleule wa Agosti, huko Kasika, padri, masista na wakristu wengi waliuawa. Vita iliendelea mwaka mzima, na katika mkesha wa Noeli 1999 Askofu Mkuu akawaandikia waamini wake.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 12 Februari 2000 wakubwa wa RCD walimzuia asirudi Bukavu. Akalazimishwa kukaa Butembo miezi 7. Alirudi kwa kundi lake tarehe 14 Septemba 2000. Siku 20 baadaye, tarehe 4 Oktoba, alifariki Roma kwa ugonjwa wa moyo.

Lakini tuwe waangalifu. Mateso ya mwandishi hayafanyi kila neno lake kuwa kamili. Ushuhuda wake tunaupokea kwa magoti; andiko lake tunalisoma tukiwa tumeketi, na kalamu mkononi. Kwa kufanya hivi hatumdharau. Ndivyo mwalimu anavyostahili kusomwa.

II. Nguvu ya barua

Kwanza, barua yaita mambo kwa majina yao. Mwandishi aanzia kwa nabii Isaya, sura ya 40, pale Mungu anapoagiza watu wake watulizwe mioyo. Msomaji mvivu angengoja maneno matamu ya Noeli. Lakini kwa Isaya faraja ni habari ya watu waliochukuliwa utumwani, wanaotangaziwa kwamba utumwa umefika mwisho. Huwezi kumtuliza mtu ukikataa kumwambia ni kitu gani kinachomwumiza. Kwa hiyo Askofu Mkuu asema waziwazi: watu wa inchi za nje, wakishirikiana na ndugu zetu wengine Wakongo, wanafanya vita kwa mali ya inchi yetu yenyewe, na mali hiyo, iliyopaswa kusomesha watoto na kuponya wagonjwa, ndiyo inayotumika kutuua.

Tulinganishe na mahubiri tunayoyasikia mara nyingi, pengine yetu wenyewe. «Tupendane, tuache ubaya, tuombee amani.» Maneno hayo ni ya kweli, lakini mwizi anayasikiliza bila wasiwasi, anasema «Amina», anaweka sadaka yake katika kikapu, anarudi nyumbani. Mahubiri yasiyomsumbua mwenye kosa yamekosa kitu.

Pili, barua yamwona mtu mdogo. Ikisema juu ya kodi, haiishii kwa wafanya biashara wakubwa. Yafika mpaka kwa mama anayeishi kwa biashara yake ndogo, naye anakabwa koo na kodi hizo. Twadhani mstari huo ndio ulio na uzito kuliko yote. Kila katekista anamjua mama huyo. Yuko katika soko la Bunia asubuhi hii, na meza yake ya nyanya na samaki wa ziwa Albert, naye anatoa franka kwa huyu na kwa yule kabla hajauza kitu. Mafundisho ya Eklezia juu ya haki, tangu Papa Leo XIII alipoandika Rerum Novarum mwaka 1891, ni kweli kubwa; lakini mpaka kweli hiyo imfikie mama huyo mezani pake, inabaki katika kabati la vitabu.

Tatu, barua yakataa silaha. Hapa ndipo wengine wanaojisifu kuwa wapiganiaji wa haki wangepaswa kuisoma mara mbili. Mwandishi asema kwamba Evanjili haituruhusu kutafuta njia ya kutoka kwa bunduki. Tutapigania uhuru wetu kwa kuteseka na kwa kusali, na tena tukitaka hata mwenye kutuonea arudi katika akili na apate uhuru ndani ya moyo wake. Hataki adui aangamizwe, anataka aokoke. Kisha ajitia yeye mwenyewe katika ahadi: kuwa upande wa wanaoonewa, hata damu ikibidi, kama Mgr Munzihirwa na marehemu wa Kasika. Mtu anayesema hivyo hawatumi wengine mbele na kubaki nyuma.

III. Upungufu wake

Sasa tuseme pia yale yanayotupa shida.

La kwanza ni lugha. Barua iliandikwa kwa Kifaransa. Mahali inaposema juu ya mama wa soko, mtu yeyote anaweza kuitafsiri bila kamusi. Lakini penye maneno makubwa ya Kifaransa juu ya unyonyaji na utawala wa hofu, katekista wa kijiji anabaki peke yake na neno lisilo na mikono wala miguu. Atasema nini? Kunyang'anya? Kutumikisha bure? Kuiba kwa kutumia sheria? Kila tafsiri yamshitaki mtu mwingine. Maandiko ya haki ya Eklezia yetu yanakwama mara nyingi pahali hapo: yanafikiriwa katika lugha ya wakubwa, kisha wadogo wanaachiwa mzigo wa kuyatafsiri. Twaomba maaskofu na mapadri waandishi wafikirie Kiswahili tangu mstari wa kwanza.

La pili ni zito zaidi. Ni neno «sisi». Katika barua, kwa sehemu kubwa, kuna sisi tunaoonewa, na kuna wao wanaotuonea, waliotoka mbali. Kweli, mwandishi hakuwasahau Wakongo wabaya: asema kwa uchungu kwamba wako wanaomtoa ndugu yao kwa dolari 10 ao 20. Mlango aliufungua. Lakini hakuingia sana ndani ya nyumba.

Bukavu ya wakati ule, chini ya jeshi la kigeni, iliweza kusikia neno «sisi» bila kukosea sana. Lakini Bunia? Mwezi wa Juni 1999, miezi 6 kabla ya barua hiyo, katika wilaya ya Djugu ugomvi wa mashamba kati ya Wahema na Walendu ulikuwa umegeuka kuwa vita. Wageni walitia mafuta katika moto, ni kweli. Askari wa Uganda waliuza msaada wao, na zahabu iliwavuta watu wengi. Lakini panga zilishikwa na jirani juu ya jirani. Wengi wa pande zote mbili walikuwa wamebatizwa. Walikuwa wameimba Misa moja, wamekula Ekaristi moja. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mpaka mwaka 2003 watu zaidi ya 50 000 walikuwa wamekufa katika Ituri.

Sasa mfikirie padri wa Ituri anayeisoma barua ile juu ya altare katika siku zile, neno kwa neno. Katika viti vya mbele kila mmoja atasikia «wenye kutuonea», naye moyoni atatia jina la kabila la jirani. Maneno yaleyale yaliyokuwa dawa Bukavu yangeweza kuwa sumu hapa. Ndiyo maana twasema: haki inayohubiriwa juu ya walio mbali tu, karibu kila mara itageuzwa silaha juu ya walio karibu.

Tuchukue mfano wa mashamba. Sheria ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya Serikali, nayo Serikali hutoa hati. Mwenye kujua njia za ofisi na mwenye rafiki Bunia ao Kinshasa alipata hati juu ya ardhi ambayo wengine walikuwa wakiilima tangu babu zao. Zaidi ya hapo, nyuma yake kuna kumbukumbu ya wakati wa Wabelgiji, waliowasomesha wengine na kuwaacha wengine. Basi mwenye hati asema: «Sheria iko upande wangu.» Mwenye jembe asema: «Kaburi la babu yangu liko hapa.» Wote wawili ni wakristu wa parokia moja. Katika jambo hilo mwonezi si mgeni, wala anayeonewa hana mikono safi siku zote, maana hasira yake imeua watoto wasio na kosa. Barua haitoi mwanga wa kutosha juu ya kesi ya namna hii. Hatumlaumu mwandishi: aliliandikia jimbo lake. Lakini sisi tukijidai kuwa warithi wake, inatupasa kuendelea mahali alipoacha.

La tatu ni Eklezia yenyewe. Barua yaitaja hasa kama yenye kuteswa: parokia zimetekwa, mapadri na watawa wamepigwa na kuuawa. Yote ni kweli. Sisi wenyewe tuliyaona mwezi wa Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia na vikundi vikapigana mjini: parokiani Nyakasanza waliuawa waamini waliokimbilia huko, na mapadri wawili pamoja nao. Na usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda, waamini waliokuwa wakikesha katika sala walishambuliwa na ADF. Katika mji ule watu zaidi ya 40 walikufa. Eklezia ya Ituri inajua damu.

Lakini mtu anayeteswa anaweza pia kutenda kosa, na ni hatari kwake akisahau hivyo. Katika miaka ile ya vita lawama ya upendeleo iliigusa hata Eklezia. Waamini walimtazama padri, wakaulizana kwanza kabila lake, kisha mahubiri yake. Tusiseme yote yalikuwa masingizio. Swali la kweli ni hili: je, tumewahi kukaa, mapadri wa pande zote, tukaambiana uso kwa uso tulichokisema na tulichokinyamazia?

IV. Haki ianzie nyumbani

Hapo andiko lingine latusaidia. Mwaka 1971, wakati wa Papa Paulo VI, Sinodi ya Maaskofu ilikutana Roma, ikatoa hati juu ya haki katika ulimwengu. Wengi hushika sehemu moja tu: kwamba kupigania haki ni sehemu ya kuhubiri Evanjili, wala si pambo lake. Lakini hati hiyo yaendelea. Yasema kwamba anayetaka kuwafundisha wengine haki sharti kwanza aonekane mwenye haki mbele ya macho yao. Kisha yataja mambo ya nyumbani: mshahara wa wanaoitumikia Eklezia, nafasi ya wanawake, namna ya kuishi ya mapadri na maaskofu.

Sheria ya Eklezia ya mwaka 1983 imeyatia katika kanuni. Kanuni 1286 yawaamuru wasimamizi wa mali ya Eklezia kuwalipa wafanyakazi mshahara wa haki, unaotosha wao na jamaa zao. Kanuni 231 yawapa walei waliojitoa kwa utumishi wa Eklezia haki ya kupata riziki inayowafaa. Kanuni 1287 yataka waamini wapewe hesabu ya mali waliyoitoa. Wafratri hujifunza kanuni hizi kwa mtihani. Swali ni kama wanazikumbuka wakipewa ufunguo wa parokia.

Tumfikirie katekista. Padri anafika katika kijiji mara chache kwa mwaka. Katekista ndiye anayezika wafu, anayefundisha watoto, anayeongoza sala ya Dimanche, anayebaki watu wanapokimbia na anayewahesabu wanaporudi. Katika vita alikuwa wa kwanza kutafutwa. Na mshahara? Katika sehemu nyingi ni kikapu cha mahindi wakati wa mavuno, na shukrani. Tunajua inchi ni masikini na sadaka ni kidogo. Lakini katekista hatuulizi kwa nini sanduku ni tupu. Anauliza kwa nini ni tupu kwake peke yake.

Tumfikirie mama anayepika na kufua misioni, na mlinzi wa usiku. Wakati mwingine padri aliyehubiri asubuhi kwa nguvu juu ya wachimba zahabu wa Mongbwalu wanaonyonywa na wenye mashimo, jioni amwambia mpishi wake angoje mwezi ujao. Na kanisani, akina mama wanaojaza viti, wanaosafisha, wanaoleta sadaka, wako wangapi katika baraza linalopanga matumizi ya sadaka hiyo?

Tusidhani kwamba hayo ni mambo madogo kando ya mauaji. Ni shule. Mkristu anayezoea kuona katika parokia yake hesabu zimefichwa na mdogo amenyamazishwa, atashangaa kwa nini akiyaona katika Serikali?

V. Majibu kwa pande mbili

Wako wanaosema: «Padri abaki katika sakristia.» Tunawajibu kwa kanuni 287. Yawakataza mapadri kushika kazi katika vyama vya siasa. Lakini mstari wake wa kwanza wawaamuru kuitunza amani iliyojengwa juu ya haki. Kumchagulia mtu chama si kazi yetu. Kusema kwamba kumnyang'anya mjane shamba lake ni dhambi, ndiyo kazi yetu, hata kama aliyefanya hivyo ana chama, ana cheo, ana kiti cha mbele kanisani. Nabii Natani hakuingia chama chochote alipomwambia mfalme Daudi habari ya kondoo wa masikini.

Wako pia upande mwingine, hasa kati ya vijana. Hao wasema: «Sala imetosha, sasa ni wakati wa kupambana.» Tunawajibu kwa barua yenyewe. Mgr Kataliko hakutenganisha mambo hayo mawili. Tangu mwisho wa mwaka 2017 mauaji yalirudi katika Djugu, na waliobeba silaha walisema kwamba wanatetea haki ya watu wao. Mwanzoni mwa Februari 2022, katika kambi ya Plaine Savo, watu karibu 60 waliokuwa wamekimbia vita waliuawa usiku, watoto wakiwa kati yao. Ndivyo inavyokuwa neno haki likikatwa mbali na huruma. Haki isiyomtakia adui wongofu ni kisasi kilichovaa nguo nzuri.

VI. Tufanye nini na barua hii?

Hukumu yetu ni hii. Barua ya Noeli ya mwaka 1999 ni moja ya maandiko yenye nguvu yaliyotoka katika Eklezia ya Kongo, kwa sababu yasema kweli inayoonekana na kwa sababu mwandishi alikubali kuilipia. Upungufu wake ni kwamba yatazama zaidi nje kuliko ndani. Bukavu ya siku zile labda ilihitaji hivyo. Ituri inahitaji nusu nyingine.

Basi twatoa shauri kwa wasomaji wetu.

Wafratri: isomeni barua nzima pamoja na hati ya Sinodi ya mwaka 1971, moja kando ya nyingine. Kisha mjaribu kuitafsiri kwa Kiswahili cha watu wa nyumbani, bila kutumia neno moja ambalo mama wa soko hatalisikia. Mtaona ni kazi gani. Na mkikwama, mtakuwa mmejifunza ni wapi sisi wenyewe hatujaelewa.

Mapadri: mkihubiri juu ya haki, mtafute mfano mmoja unaowauma watu wa kabila lenu wenyewe kabla ya kutaja kosa la wengine. Kama hamna mfano huo, mahubiri hayajawa tayari. Na mwisho wa mwaka msomeni hesabu za parokia mbele ya watu.

Wakatekista: ninyi mmebeba barua hii mgongoni bila kuambiwa. Katika vijumuiya vyenu mwenye hati na mwenye jembe bado wanaketi benchi moja. Waacheni waseme, mmoja baada ya mwingine, na anayesikiliza asikatize. Ni kazi ndogo, isiyoandikwa katika gazeti. Lakini twaamini kwamba faraja ile ambayo nabii aliamriwa kuwapelekea watu wa Mungu, katika Ituri itapita hapo.